Mikoa mitano, yote ya kwanza: namna ya kusoma orodha za ubunifu na ushindani

Kila mwaka habari za aina hii huingia kwenye simu, kisha huhamia barazani. Mkoa fulani wa Ulaya umetajwa kuwa wa kwanza kwa ubunifu, mwengine kwa ushindani, mwengine kwa utajiri, na hapo ubishi unaanza. Huyu amesoma kwamba ni Utrecht ya Uholanzi, yule ameshikilia Copenhagen, na wa tatu anasema nyote hamjui, Ireland imewaacha mbali. Kila mmoja anatoa simu yake kuthibitisha.

Na wote wanasema kweli. Fahirisi (alama moja inayokusanywa kutoka vipimo vingi) ya ushindani wa mikoa ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 iliuweka mkoa wa Utrecht juu kabisa. Jedwali la ubunifu wa mikoa la 2023, lililotolewa, kama fahirisi hiyo, na Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, lilianza na Hovedstaden, mkoa wenye mji mkuu wa Denmark. Kwa pato la mwaka 2022 kwa kila mkaazi, aliyeongoza ni mkoa wa kusini mwa Ireland, karibu mara tatu ya wastani wa Ulaya. Kwa fedha za utafiti zikilinganishwa na pato, majina yanayorudi kileleni ni Braunschweig ya Ujerumani na Brabant wallon ya Ubelgiji. Ukitoka nje ya Umoja wa Ulaya, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani lilihesabu hataza (haki za kisheria za wavumbuzi juu ya uvumbuzi wao) na makala za kisayansi mwaka 2024 likapata kwamba eneo la Tokyo na Yokohama ndilo kubwa kuliko yote. Takwimu hizo hizo zilipogawiwa kwa idadi ya watu, aliyekuja juu ni Cambridge ya Uingereza, mji mdogo wa chuo.

Kwa hivyo ukiambiwa fulani ni wa kwanza, uliza kwanza ni wa kwanza kwa kitu gani, kitu hicho kimegawiwa kwa nani, na mpaka umepita wapi. Majibu ya maswali haya hubadilisha orodha kuliko kazi yoyote waliyoifanya watu wa mkoa wenyewe.

Tuanze na maana ya maneno

Ubunifu, kwa watu wa takwimu, si kipaji wala wazo zuri. Mwongozo wa Oslo, unaotumiwa na nchi tajiri kupima jambo hili na ambao toleo lake la karibuni ni la 2018, unataka mambo mawili: bidhaa au njia ya kazi iwe mpya au iliyoboreshwa kiasi cha kutofautika wazi na ya zamani, na iwe imeshafika kwa watumiaji au imeshaanza kutumika. Mama wa Paje, Unguja, anayesaga mwani kutengeneza sabuni na kuiuza amebuni. Mtaalamu mwenye ripoti nzuri ya sabuni ya mwani iliyolala kabatini bado hajabuni kwa kipimo hichi, hata kama ripoti ni bora kuliko sabuni.

Utafiti ni kitu chengine. Huo ni kazi ya kutafuta ujuzi mpya, nao hupimwa kwa fedha na kwa watu walioajiriwa kuufanya. Fedha za utafiti ni kinachoingia na ubunifu ni kinachotoka. Kati ya viwili hivyo njia ni ndefu na ina mashimo.

Ushindani wa mkoa ndio neno linalopotosha watu zaidi, kwa sababu linanuka mpira. Kampuni mbili zinazouza bidhaa moja zinashindana kweli: mmoja akipata mteja, mwenzake amemkosa. Mikoa haiko hivyo. Mwaka 1994 mchumi wa Kimarekani Paul Krugman aliandika kwa ukali kwamba nchi haifilisiki na kufunga milango kama kampuni, na kwamba jirani akitajirika huwa pia mteja bora. Wale wanaotengeneza fahirisi ya Ulaya wanajua hoja hiyo. Kwao, ushindani ni uwezo wa mkoa kuwapa kampuni na wakaazi mazingira mazuri na ya kudumu ya kufanya kazi na kuishi. Ndiyo maana ndani ya kipimo chao umo uwezo wa mahospitali, skuli za msingi na uaminifu wa taasisi, mambo ambayo mfanyabiashara peke yake asingeyataja.

Mpaka ni nusu ya jibu

Umoja wa Ulaya hupanga maeneo yake kwa ngazi tatu za kitakwimu. Ngazi ya kwanza ni maeneo ya watu milioni 3 hadi milioni 7, ya pili ni ya watu 800,000 hadi milioni 3, na ya tatu ni ya watu 150,000 hadi 800,000. Orodha nyingi unazoziona ni za ngazi ya pili. Kwa sensa ya 2022 Zanzibar nzima ina watu 1,889,773, kwa hivyo kwa kipimo hicho ingekuwa mkoa mmoja tu, wala si mitano. Pemba peke yake, yenye watu 543,441, ingeingia ngazi ya tatu. Mkaazi wa Wete, Pemba, na mkaazi wa Makunduchi, Unguja, wangesomwa kwa wastani mmoja, jambo ambalo linatosha kukuonyesha kiasi gani cha tofauti za ndani kinaweza kufichika ndani ya namba moja.

Ngazi hizi zina fedha nyuma yake. Mkoa wa ngazi ya pili wenye pato kwa kichwa chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja hupata fungu kubwa zaidi la misaada ya maendeleo. Mstari ukiwa na fedha, watu hawauachi ulale.

Tizama kilichotokea mwaka 2004 zilipojiunga nchi kumi, nyingi zikiwa na kipato kidogo. Wastani wa Umoja ulishuka. Mikoa iliyokuwa chini ya 75 ikajikuta juu ya mstari bila ya mtu yeyote kupata hata senti moja ya ziada. Ilikuwa mikoa 16, ikiwemo Algarve ya Ureno, Asturias ya Hispania na milima na visiwa vya kaskazini mwa Scotland. Ikabidi itengenezewe utaratibu wa kuachishwa misaada polepole katika bajeti ya 2007 hadi 2013. Mkoa unaweza kupanda daraja kwa sababu wengine wameshuka au wameingizwa wageni maskini, na pia unaweza kuanguka huku ukiendelea kukua.

Mwaka 2018 ulikuja ujanja wa upande wa pili, na kisheria haukuwa na kosa. Hungaria iliitenganisha Budapest na wilaya ya Pest inayoizunguka. Poland ikaitoa Warszawa na vitongoji vyake ndani ya mkoa wa Mazowsze, na Lithuania ikaukata mji mkuu wake Vilnius na sehemu nyengine ya nchi. Miji mikuu ilikuwa inavuta wastani juu na kuwafunika jirani zake maskini. Baada ya kukata, mji ulionekana tajiri zaidi na kilichobaki kilionekana maskini zaidi, na chochote kilichoshuka chini ya 75 kilistahili fungu kubwa. Mchana ule hakuna mtu aliyehama nyumba. Kwa maoni yangu mgawanyo huu ulikuwa wa haki kuliko ule wa mwanzo, maana ulionyesha umaskini uliokuwepo, lakini anayelinganisha takwimu za kabla na baada bila kujua atadhani pametokea balaa.

Marekani haifuati ngazi hizi. Huko hulinganishwa majimbo, au maeneo ya miji yanayochorwa kwa kufuata wapi watu wanaishi na wapi wanakwenda kazini. California ina watu karibu milioni 39. Ukiiweka ubavuni mwa Utrecht yenye watu wasiofika milioni moja na nusu, unalinganisha nchi na wilaya. Japani nayo ina maeneo yake 47 ya utawala, ambamo Tokyo, yenye watu wengi kuliko yote, na Tottori, yenye watu wachache kuliko yote, zinahesabiwa moja moja.

Pato la nani, kwa kichwa cha nani

Pato kwa kichwa linatafutwa kwa hesabu ya mtoto wa skuli: chukua thamani ya kila kilichozalishwa ndani ya mkoa, gawa kwa idadi ya wanaoishi humo. Kasoro yake ni kwamba anayezalisha si lazima awe anayeishi.

Chukua mauzo yote ya siku moja ya soko la Darajani mjini Unguja, uyagawe kwa wanaolala Darajani. Kila mkaazi wa hapo ataonekana milionea, kwa sababu umewahesabu wachache wanaolala na ukawaacha nje wale waliokuja asubuhi kwa daladala kutoka Fuoni, Mwera na Bububu. Upande wa pili, Fuoni itaonekana kama haifanyi kitu.

Prague ndivyo ilivyo: pato lake kwa kichwa ni karibu mara mbili ya wastani wa Ulaya, wakati mkoa unaouzunguka mji huo, wanakotoka wafanyakazi wengi, uko chini ya wastani. Luxembourg kadhalika. Karibu nusu ya wanaofanya kazi humo hurudi jioni Ufaransa, Ubelgiji au Ujerumani. Kazi yao inahesabiwa juu ya mstari wa kugawanya, vichwa vyao havihesabiwi chini yake. Watengenezaji wa fahirisi ya ushindani walilitambua hili wakaiunganisha baadhi ya miji mikuu na majirani zake kabla ya kuipima: Vienna, Brussels, Prague, Berlin, Amsterdam.

Ireland ina ugonjwa mwengine. Julai 2016 ofisi yake ya takwimu ilitangaza kwamba uchumi wa nchi ulikua kwa asilimia 26 ndani ya mwaka 2015. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku kikafikia hapo. Kampuni kubwa za kimataifa zilihamishia huko umiliki wa hataza na haki nyengine za ubunifu kwa sababu za kodi, na mapato ya mali hizo yakaanza kuandikwa kuwa ni ya Ireland. Nchi yenyewe iliona aibu ya namba hiyo, ikatengeneza kipimo chengine cha pato la taifa kinachoondoa mambo hayo. Kwa hivyo uongozi wa kusini mwa Ireland ni wa kweli kwenye daftari, lakini usiutafute wote kwenye mifuko ya watu wa Cork, mji wa huko kusini.

Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, ilikaa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye pato kubwa Ulaya kwa sababu ya gesi iliyogunduliwa 1959. Gesi ilihesabiwa pale ilipotoka, fedha zikaenda Hazina na kwa kampuni, na kipato cha kaya za Groningen kikabaki chini ya wastani wa Uholanzi. Walichobakiwa nacho ni matetemeko ya ardhi yaliyosababishwa na uchimbaji, likiwemo la Huizinge la mwaka 2012, na visima vikafungwa Oktoba 2023. Anayetaka kujua hali ya watu atazame kipato cha kaya, kisha apunguze tofauti ya bei, kwani euro mia ya Copenhagen hainunui kinachonunuliwa na euro mia ya Sofia.

Utafiti mwingi, kampuni moja

Kwa nini Braunschweig? Ndani ya mkoa huo upo mji wa Wolfsburg, na ndani ya Wolfsburg ipo Volkswagen. Fedha za kampuni moja kutengeneza magari mapya zinatosha kuupandisha mkoa wenye watu kama milioni 1.6 hadi kileleni mwa Ulaya. Brabant wallon inabebwa kwa kiasi kikubwa na utafiti wa chanjo. Takwimu haidanganyi. Ila haikwambii kwamba wakurugenzi wachache wakibadili mawazo kwenye chumba kimoja, namba yote inakwenda nao.

Rochester, katika jimbo la New York, inajua. Kodak, kampuni ya filamu na kamera, iliajiri zaidi ya watu 60,000 mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mhandisi wake alishatengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, kwa hivyo maabara ilifanya kazi yake. Kampuni ilishindwa kuiacha biashara ya filamu iliyokuwa ikiilisha, na Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mufilisi. Hapo ndipo unapoiona tofauti ya utafiti na ubunifu kwa macho.

Oulu ya Ufini ilipigwa pigo kama hilo na ikainuka kwa njia yake. Nokia iliuza biashara yake ya simu za mkononi kwa Microsoft, mauzo yakakamilika 2014, na maelfu ya wahandisi wakakosa kazi katika mji wa mbali kaskazini. Lakini mji ulikuwa na chuo kikuu tangu 1958, taasisi ya utafiti wa umma, na eneo la kampuni za teknolojia tangu 1982, miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya aina hiyo katika nchi za kaskazini mwa Ulaya. Wahandisi wa mawasiliano ya redio walibaki, wengine wakaanzisha kampuni zao, na kitengo cha mitandao cha Nokia chenyewe hakikuondoka. Ujuzi ulikuwa umeenea kwa watu na taasisi nyingi, haukufungiwa ndani ya geti moja.

Eindhoven ya Uholanzi ni mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu mapishi yake yanaonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya vifaa vya umeme ya Philips ilipunguza wafanyakazi kwa wingi na kampuni ya malori ya DAF ikafilisika 1993. Serikali za mitaa, chuo cha ufundi na wafanyabiashara wakaketi meza moja. Baadaye Philips ikafungua uwanja wake wa utafiti kwa kampuni nyengine, ambazo ziliweza kutumia maabara za bei ambayo peke yao zisingeimudu. Na ASML, iliyoanzishwa 1984 Philips ikiwa mmoja wa wazazi wake, ikakua hadi kuwa mtengenezaji pekee duniani wa mashine za kisasa kabisa za kuchapa saketi za kompyuta kwa mwanga. Yenyewe haitengenezi vipande vyote: vioo vinatoka kwa Zeiss ya Ujerumani, na mamia ya mafundi wa mkoani wanatengeneza mengine. Aliyezunguka na kampuni kubwa akijifunza kazi yake hubaki na ujuzi hata kampuni ikiyumba.

Sheria ndogo nazo zina uzito. Mtafiti AnnaLee Saxenian alilinganisha mwaka 1994 bonde la teknolojia la California na barabara ya 128 ya Boston, maeneo mawili yaliyoanza yakiwa sawa. Boston ilikuwa na kampuni kubwa zilizofanya kila kitu ndani. California watu walihama kazi na kwenda na wanachokijua. Wengine wameongeza kwamba sheria ya California, tangu 1872, haitambui mkataba unaomzuia mfanyakazi kwenda kwa mshindani wa mwajiri wake. Hakuna jengo la teknolojia lililojengwa kwa sheria hiyo, na hakuna mkopo uliochukuliwa.

Jinsi orodha inavyopikwa

Fahirisi hutengenezwa kwa hatua nne. Unachagua viashiria, unavigeuza vyote viwe kwenye kipimo kimoja, tuseme 0 hadi 100, unaamua kipi kina uzito gani, kisha unatafuta wastani. Hatua ya tatu ndiyo yenye siri.

Chukua mikoa miwili ya kubuni. Mkoa A una alama 90 za elimu, 40 za utafiti na 50 za kampuni ndogo. Mkoa B una 60, 80 na 50. Viashiria vikiwa na uzito sawa, A anapata 60 na B anapata 63.3, kwa hivyo B anaongoza. Sasa ipe elimu nusu ya uzito wote na mengine robo robo. A anapata 67.5 na B 62.5. Mshindi amegeuka, na hakuna skuli iliyojengwa wala iliyofungwa. Fahirisi ya ushindani ya Ulaya hutumia nguzo 11 na uzito tofauti kwa mikoa maskini na matajiri: kwa maskini mambo ya msingi, kama afya na barabara, yanahesabiwa zaidi, na kwa matajiri uzito unahamia kwenye ubunifu. Ni uamuzi wenye busara, lakini ni uamuzi wa mtu.

Jedwali la ubunifu hutumia makundi manne, na kwangu ni bora usome kundi kuliko nafasi. Waliozidi asilimia 125 ya wastani wa Ulaya ni viongozi, 100 hadi 125 ni wenye nguvu, 70 hadi 100 ni wa kati, na chini ya 70 ni wanaochipukia. Mkoa wa 41 na wa 48 ndani ya kundi moja huwa hawana tofauti ya kuipigania. Tazama pia miaka: jedwali la mwaka huu hubeba takwimu za miaka miwili au mitatu nyuma. Na hataza uulize imehesabiwa anapoishi mvumbuzi au yalipo makao makuu ya kampuni, maana kwa njia ya pili miji mikuu hujipatia kazi za watu wa mbali.

Visiwa havilinganishwi na Utrecht

Kama unataka kutumia orodha hizi kufikiria Zanzibar, tafuta wenye umbile kama lake. Ulaya inavyo visiwa hivyo, na baadhi viko kwenye bahari yetu. Mayotte, kisiwa cha Comoro kilichobaki Ufaransa na ambacho lugha yake kuu ni jamaa ya Kiswahili, ni mkoa rasmi wa pembezoni wa Umoja wa Ulaya tangu 2014. Pato lake kwa kichwa halifiki theluthi ya wastani wa Umoja, huku Paris ikiwa miongoni mwa mikoa tajiri kabisa chini ya bendera moja. Wastani wa Ufaransa hauwaelezi wala hawa wala wale.

Visiwa vya Canary, vyenye watu zaidi kidogo ya milioni 2, vinakaribiana na Zanzibar kwa idadi, na utalii ndio mgongo wao. Viwanja vya ndege ni vizuri, barabara ni nzuri, watalii ni mamilioni. Fedha za utafiti hata hivyo ziko chini ya asilimia 1 ya pato. Kwenye kilele cha La Palma imekaa darubini ya macho yenye kioo cha mita 10.4, miongoni mwa kubwa duniani, kwa sababu anga la hapo ni safi. Darubini hiyo huinua makala za kisayansi za mkoa, na wanasayansi wa nje huja kuitumia kwa foleni. Hoteli zinazojenga uchumi wa pwani haziigusi. Mtu akikuletea jedwali ambalo Canary imepanda, angalia kwanza kama kilichopanda ni makala au ni idadi ya kampuni za huko zilizoingiza bidhaa mpya sokoni.